Meli Ipi Nipande? Hesabu ya Msafiri Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Mwezi Juni mwaka 2021 nilipokea barua kutoka Southampton, mji wa bandari ulioko kusini mwa Uingereza. Aliyeiandika ni mama mmoja ambaye nyumbani kwake nilipanga chumba wakati nikisomea shahada ya uzamivu. Mumewe alikuwa fundi bandarini. Alitengeneza meli za abiria kwa zaidi ya miaka 30, lakini yeye mwenyewe hakupata kusafiri hata kwa moja. Walikuwa wameahidiana kwamba watakapotimiza miaka 50 ya ndoa, mwaka 2020, watakata tiketi na kutembea baharini kama wageni wengine. Ukaingia ugonjwa wa UVIKO-19, safari ikafutwa, nao wakapewa hati ya kusafiri siku nyingine badala ya kurudishiwa fedha zao.

Sasa meli zilikuwa zimeanza kung'oa nanga tena, na mbele yao zilikuwapo safari tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya siku 4 kandokando ya pwani ya Uingereza, katika meli kubwa iliyopunguziwa abiria wasizidi 1,000. Ya pili ilikuwa ya siku 12 kwenda visiwa vya bahari ya kaskazini, katika meli ndogo ya abiria 200. Ya tatu ilikuwa ya siku 14 katika Bahari ya Mediterania, wakati wa vuli, katika meli ya abiria 3,000, ikipitia bandari za nchi tano. "Wewe unafundisha hesabu," mama aliandika, "hebu tuambie iliyo salama ni ipi." Mumewe alikuwa na umri wa miaka 77, na maradhi ya mapafu ya siku nyingi.

Katika makala haya nitaeleza jinsi nilivyojaribu kulijibu swali hilo, na mahali nilipokosea. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la matajiri wa Ulaya peke yao. Meli za namna hiyo hutia nanga Zanzibar na Mombasa pia. Isitoshe, hesabu inayohusu meli ndiyo hiyo hiyo inayohusu bweni la shule, basi la mkoani na ukumbi wa harusi.

Chombo ni mji uliofungwa

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utembee nyuma ya chombo au mbele yake, mwisho utarudi palepale ndani. Maradhi nayo hayana njia nyingine. Watu walio katika meli hula pamoja, hupanda ngazi zile zile, hushika vishikio vile vile, na huvuta hewa iliyokwisha kupita katika mapafu ya wenzao.

Mfano ulio maarufu ni wa meli iitwayo Diamond Princess. Iliondoka Yokohama, nchini Japani, tarehe 20 Januari 2020. Tarehe 25 Januari abiria mmoja alishuka Hong Kong, na tarehe 1 Februari ikathibitika kwamba ana ugonjwa. Meli iliporudi Yokohama iliwekwa chini ya karantini, na tangu tarehe 5 Februari abiria walitakiwa kubaki vyumbani mwao. Ndani yake mlikuwa na watu 3,711, yaani abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Hatimaye watu 712 walionekana kuwa na virusi, ambao ni kama 19 katika kila 100, na zaidi ya kumi walifariki.

Wanasayansi walijifunza mengi kutokana na msiba huo, kwa sababu haikuwa kawaida kupata kundi la watu linalojulikana idadi yake kamili, na ambalo karibu wote wamepimwa. Jambo kubwa lililodhihirika ni kwamba karibu nusu ya walioonekana na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Kwa hiyo mlinzi anayesimama mlangoni na kumuuliza kila abiria kama ana homa huwaona baadhi tu ya wagonjwa. Wengine hupita mbele yake wakicheka.

Mtu mmoja kati ya 500

Tuanze na hesabu rahisi. Tuseme kwamba katika nchi ambako abiria wanatoka, mtu mmoja kati ya kila 500 ana virusi bila ya kujijua. Basi uwezekano wa kwamba abiria fulani hana virusi ni 499/500, yaani 0.998. Uwezekano wa kwamba abiria wawili wote hawana ni 0.998 mara 0.998. Kwa abiria 200 tutaizidisha namba hiyo kwa nafsi yake mara 200, na jibu ni karibu 0.67. Kinachobaki hadi kufikia 1 ni 0.33. Maana yake ni kwamba meli ndogo ya abiria 200 ina uwezekano wa asilimia 33 wa kuondoka gatini ikiwa na angalau mgonjwa mmoja.

Tukifanya hivyo hivyo kwa abiria 1,000 tunapata asilimia 86. Kwa abiria 3,000 jibu linazidi asilimia 99. Kwa lugha nyepesi, meli ya tatu haihitaji kuuliza kama mgonjwa yumo. Ijiulize wamo wangapi. Wastani wao ni 6.

Sasa tuweke kipimo. Tuseme kila abiria anapimwa kabla ya kupanda, na kipimo kinawagundua wanne katika kila wagonjwa watano. Anayepita ni mmoja badala ya watano, kwa hiyo ni kama kwamba ugonjwa umepungua hadi mtu mmoja kati ya 2,500. Hesabu ikirudiwa, meli ya watu 200 inashuka hadi asilimia 8, meli ya watu 1,000 hadi asilimia 33, na meli ya watu 3,000 hadi asilimia 70.

Mwanafunzi na azitazame namba hizo tena. Meli ya watu 1,000 waliopimwa ina uwezekano ule ule, asilimia 33, na meli ya watu 200 ambao hawakupimwa. Kwa hiyo anayechagua meli ndogo kwa udogo wake tu, bila ya kuuliza desturi ya kupima, hajapata faida anayoidhani.

Ikumbukwe pia kwamba kipimo hueleza hali ya saa ile tu. Mtu aliyeambukizwa jana anaweza kupimwa leo asionekane na kitu, kisha akaanza kuambukiza wenzake siku ya tatu ya safari. Ndiyo maana vipimo viwili vilivyoachana kwa siku kadhaa ni bora kuliko kimoja.

Kuingia si kuenea

Uwezekano wa mgonjwa kuwamo melini ni jambo moja. Uwezekano wa wewe kuambukizwa ni jambo la pili. Wengi huyachanganya mambo haya mawili. Katika meli ya watu 3,000 mgonjwa hakosi kuwamo, lakini huenda usikutane naye kamwe. Katika meli ya watu 200 huenda asiwemo kabisa, lakini akiwamo, mtakula naye chumba kimoja kila siku.

Ushahidi upo. Mwezi Machi 2020 meli ndogo ya Greg Mortimer iliondoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kuelekea Antaktika ikiwa na watu 217. Wote walipopimwa baadaye, 128 walikuwa wameambukizwa, yaani zaidi ya nusu, na wengi wao hawakuwa na dalili. Kwa hiyo udogo wa chombo hupunguza uwezekano wa adui kuingia, lakini haumzuii akishaingia.

Kinachoamua uenezi ni mambo matatu: muda, hewa na kinga.

Kuhusu muda, tuseme kila mgonjwa huwaambukiza watu wawili, na kila kizazi cha maambukizi huchukua siku 5. Mgonjwa mmoja akipanda leo, baada ya siku 5 kutakuwa na wagonjwa wapya 2, baada ya siku 10 wapya 4, na baada ya siku 15 wapya 8. Jumla yao ni 15. Safari ya siku 4 huisha kabla hata kizazi cha kwanza hakijakamilika. Safari ya siku 14 huvipa virusi nafasi ya kwenda vizazi viwili au vitatu, na kila bandari inayopitiwa huongeza mlango mwingine wa kuingilia.

Kuhusu hewa, fizikia ya kidato cha nne inatosha. Chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 6 kwa saa hupata mabadiliko 3 katika nusu saa. Hewa ikichanganyika vizuri, mwisho wa nusu saa hiyo hubaki kama asilimia 5 tu ya vijitone alivyoviacha mgonjwa aliyekwisha kuondoka. Chumba kinachobadilishwa hewa mara 2 kwa saa hubaki na asilimia 37. Meli mbili zinaweza kuwa na mazulia yale yale na taa zile zile, lakini moja ikawa na hatari kupita nyingine kwa sababu ya mashine iliyofichwa darini. Msafiri anastahili kuuliza: je, hewa mnayoipeleka vyumbani hutoka nje, au ni ile ile inayozungushwa? Na chumba kina dirisha linalofunguka?

Kuhusu kinga, chanjo ilibadilisha mambo mengi, lakini si yote. Mwaka 2021, meli zilipoanza kuondoka tena katika bandari za Marekani, kampuni nyingi ziliwataka karibu abiria wote wawe wamechanjwa. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huo aina mpya ya virusi, Omicron, iliingia katika meli ambazo karibu kila mtu ndani yake alikuwa na chanjo. Tarehe 30 Desemba 2021 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti maradhi kiliwashauri watu waepuke safari hizo, wawe wamechanjwa au hawakuchanjwa. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake kubwa, yaani kupunguza vifo na ugonjwa mkali. Kuufunga mlango wa meli hakukuwa katika uwezo wake.

Nani atakufungulia mlango?

Hadi hapa tumezungumzia jinsi ya kuepuka ugonjwa. Swali la pili, ambalo matangazo ya safari hayaligusi, ni hili: mambo yakiharibika, utakuwa wapi, na nani atakupokea?

Tangu zamani bandari imekuwa na hofu ya vyombo. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wageni waliotoka katika nchi zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye muda huo ulifikia siku 40, na kutokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini tukapata neno karantini. Kwetu pia alama zake zipo. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, lilijengwa jengo katika miaka ya 1890 likusudiwe kuwa gereza, lakini likaja kutumika kwa karantini ya watu waliofika kwa vyombo.

Mwaka 2020 hofu hiyo ilirudi. Meli iitwayo Westerdam iliondoka Hong Kong tarehe 1 Februari, ikakataliwa na Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand, ingawa hakukuwa na mgonjwa aliyethibitishwa ndani yake. Kambodia ndiyo iliyoipokea, tarehe 13 Februari, katika bandari ya Sihanoukville. Mwezi uliofuata Zaandam iliondoka Buenos Aires, na watu wanne walifia ndani yake kabla haijafika Fort Lauderdale, Marekani, tarehe 2 Aprili, baada ya kufungiwa milango ya bandari njiani.

Somo la meli hizo ni wazi. Meli inayozunguka pwani ya nchi ya abiria wake ina bandari isiyoweza kuwakana. Meli inayopita nchi tano inategemea serikali tano, kila moja ikiwa na sheria zake zinazoweza kubadilika usiku mmoja. Na meli inayokwenda visiwa vya mbali, hata ikiwa safi kiasi gani, iko mbali na hospitali yenye mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua. Kwa kijana hilo ni jambo la kufikiriwa; kwa mzee mwenye mapafu mabovu ndilo jambo la kwanza.

Kuna tena suala la fedha, nalo ni la kisayansi kuliko linavyoonekana. Tuchukue abiria wawili walioamka na kikohozi siku ya safari. Mmoja ataruhusiwa kuahirisha bila ya kupoteza nauli. Mwingine atapoteza yote. Yupi atasema kweli mlangoni? Mkataba unaomwadhibu anayekiri ugonjwa huwajaza meli watu wanaoficha ugonjwa. Kwa hiyo kusoma masharti ya kurudishiwa fedha ni sehemu ya kupima afya ya chombo.

Barua niliyoandika, na jibu lake

Nilimwandikia mama yule kwamba hakuna meli iliyo salama. Zipo zenye hatari kubwa na zenye hatari ndogo. Nikamshauri waiache ile ya tatu kwa sababu ya wingi wa watu, siku na mipaka. Ile ya pili ilipendeza kwa udogo wake, lakini umbali wake na hospitali haukumfaa mumewe. Nikapendekeza ile ya siku 4, kwa masharti manne: abiria wote wapimwe, wote wawe wamechanjwa, wao wawili wachague chumba chenye kibaraza na dirisha la kufunguka, na mkataba uruhusu kuahirisha hadi siku ya mwisho. Niliambatanisha jedwali la hesabu, nikaridhika na kazi yangu.

Jibu lilirudi baada ya wiki moja. Mama yule alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Alinishukuru, kisha akaandika: "Umewahesabu abiria wote. Wapishi mbona hukuwahesabu?"

Nilitazama jedwali langu nikaona aibu. Ni kweli. Nilipoandika watu 1,000 niliwasahau mamia ya wafanyakazi, na kosa hilo halikuwa la hesabu tu. Abiria hushuka baada ya siku 4, mfanyakazi hubaki. Hulala chini ya sitaha, mara nyingi chumba kimoja na mwenzake, na hupeleka sahani kutoka mlango hadi mlango. Ugonjwa ukimpata, yeye ndiye daraja linaloutoa katika safari moja na kuuingiza katika safari nyingine. Katika Diamond Princess, wagonjwa 20 wa kwanza kuthibitishwa miongoni mwa wafanyakazi walikuwa na watu 15 wa huduma ya chakula, waliokuwa wakiwahudumia abiria waliofungiwa vyumbani. Mwezi Julai 2020, meli ya Roald Amundsen ya Norway ilipojaribu kurudia safari, wafanyakazi zaidi ya 30 walionekana na virusi, na abiria walikuwa wamekwisha kushuka na kutawanyika.

Kwa hiyo nikaongeza sharti la tano: muulizeni mwenye meli jinsi anavyowapima wafanyakazi wake, mahali anapowalaza wakiugua, na kama mshahara wao hukatwa siku wasizofanya kazi. Sababu ni ile ile niliyoieleza kuhusu mikataba ya abiria. Mpishi anayeogopa kukatwa mshahara atakohoa kimyakimya.

Wazee wale walisafiri mwezi Agosti 2021. Waliniletea picha: fundi amesimama kwenye kibaraza cha chumba chao, kofia kichwani, mkono umeshika reli. Mama aliandika kwamba siku ya kwanza hakutazama bahari hata kidogo, bali alizunguka akikagua viungo vya chuma. Alifariki mwaka uliofuata kutokana na maradhi yake ya zamani.

Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama ningemshauri angoje mpaka hatari iishe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Wakati huo yeye hakuwapo. Kungoja nako ni uamuzi, na kuna hatari yake ambayo haimo katika jedwali la virusi. Hesabu haikumwambia mzee yule aende au asiende; ilimwonyesha bei ya kila njia, akachagua mwenyewe.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Bweni la shule lina wanafunzi 400 wanaorudi kutoka likizo. Ikiwa mtu mmoja kati ya 500 ana virusi bila ya kujijua, kuna uwezekano gani kwamba angalau mwanafunzi mmoja ataingia navyo? Je, jibu linabadilikaje ukiwaongeza walimu, wapishi na walinzi 40?

2. Pima urefu, upana na kimo cha darasa lenu, mpate ujazo wake. Jadilianeni njia ya kukisia hewa hubadilika mara ngapi kwa saa madirisha yakiwa wazi, na yakiwa yamefungwa.

3. Shule yenu ina kanuni gani kwa mwanafunzi anayeripoti kwamba anaumwa asubuhi ya mtihani? Je, kanuni hiyo inamtia moyo kusema kweli, au inamfundisha kuficha?